Mlinzi wa Kamba Kipofu

Katika sebule yetu ya Kimbo, Ruiru, palikuwa na bahari ya lita mia moja na sitini. Ilikaa ndani ya tangi la kioo juu ya meza ya mbao nzito, baina ya redio na kabati la vyombo, na kioo chake cha nyuma nilikipaka rangi ya buluu ili ukuta usionekane. Nasema bahari kwa kukusudia. Maji yale hayakuwa maji ya bomba yaliyotiwa chumvi ya mezani, kama majirani walivyodhani. Yalitekwa pwani ya kusini, yakatiwa katika madumu yaliyokuwa ya mafuta ya kupikia, yakapandishwa basi hadi Nairobi, na kutoka hapo yakaletwa Ruiru, futi elfu tano juu ya mahali yalipozaliwa.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa mwalimu wa Kiswahili na historia katika shule moja ya upili mjini Thika. Mke wangu alikuwa muuguzi katika zahanati ya mji huohuo, upande wa eneo la viwanda, ambako kazi yake kubwa ilikuwa kushona vidole vya watu waliokosana na mashine. Hatukuwa watu wa pwani. Mimi nililelewa kwenye miinuko ya chai ya Gatundu, katika nyumba ambayo samaki hakuwahi kuingia, si kwa kuliwa wala kwa kutazamwa. Marehemu baba yangu alimweka samaki katika kundi moja na nyoka, na hakuona haja ya kueleza.

Bahari niliiona kwa mara ya kwanza nikiwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, nilipowapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu kutazama magofu ya kale. Magofu yenyewe siyakumbuki vizuri. Ninachokumbuka ni kidimbwi kilichobaki mchangani maji yalipokupwa, ambapo nilichutama kwa muda wa saa nzima, suruali imelowa magotini, wanafunzi wakinicheka kwa mbali.

Mle kidimbwini mlikuwa na shimo, na mlangoni mwa shimo alisimama samaki mdogo, urefu wake kama kidole cha shahada, rangi yake ni ya mchanga wenyewe, macho yametokeza juu ya kichwa kama ya chura. Nyuma yake akatoka kamba, jamaa ya wale wanaoliwa, ila huyu alikuwa mfupi na mnene, mwenye gando moja kubwa kuliko la pili, akisukuma fungu la mchanga mbele yake kama tingatinga. Kamba wa namna hiyo haoni karibu chochote. Kwa hiyo kila atokapo nje huweka kipapasio chake kirefu juu ya mwili wa samaki, kama kipofu awekavyo mkono begani mwa anayemwongoza. Hatari ikikaribia, samaki hutikisa mkia, na kufumba na kufumbua wote wawili wamo shimoni. Mmoja huchimba nyumba, mwingine huilinda. Nilirudi Ruiru nikiwa nimekwisha kuamua kwamba nitawaleta nyumbani.

Kuamua kulikuwa rahisi. Kumpata samaki mwenyewe kulinichukua karibu mwaka. Wazamiaji wanaovua samaki wa mapambo hutafuta rangi: manjano, buluu, milia myeupe na myeusi. Samaki wa rangi ya mchanga hakuagizwa na mtu, kwa hiyo hakuvuliwa na mtu. Tena havuliki kwa ndoana, kwa sababu kinywa chake ni kidogo mno, wala kwa wavu wa kawaida, kwa sababu huingia shimoni kabla kivuli chako hakijamfikia. Nilikuwa na kitabu kimoja kikubwa cha samaki wa bahari, nilichokinunua kikiwa kikuukuu, na Kilatini nilichofundishwa seminarini kilinisaidia kusoma majina yao. Lakini hakuna aliyepata kumvua samaki kwa Kilatini.

Aliyenifungulia njia alikuwa mama mmoja wa Majengo, Thika, mfanyabiashara wa nazi, ukwaju, ubuyu na kamba wakavu. Alikuwa Mwislamu wa ukoo uliochanganyika, babu huyu ametoka huku na bibi yule kule, wote wakakutana Thika na kubaki. Mdogo wake wa kiume alikuwa amehamia pwani ya kusini, akazoea maji, na sasa alikuwa mzamiaji wa tajiri mmoja aliyesafirisha samaki wa mapambo ng'ambo. Nilimweleza mama huyo haja yangu kwa makini, nikiwa nimesimama mbele ya meza yake ya nazi: samaki wadogo, wasio wa kawaida, ambao hapa bara hawaonekani, na wafike salama.

Wiki mbili baadaye aliniita. Kifurushi kilikuwa kimefungwa kwa magazeti na jani la mgomba. Ndani mlikuwa na samaki wanane wa aina nne, wote wadogo, wote wasiojulikana Thika, wote wamekaangwa.

"Mama," nilimwambia, "niliomba wafike salama."

"Na wamefika salama, mwalimu. Samaki asipokaangwa anafikaje salama kutoka Mombasa? Wewe mtu wa kusoma, fikiri."

Tuliwala. Mke wangu, ambaye hakuwa amewahi kuonja samaki maishani, alikula mmoja kwa ajili ya adabu, wa pili ili kuhakikisha, na wa tatu bila kutoa sababu.

Safari ya pili tulielewana. Mfuko wa plastiki uliojazwa maji na hewa ulifika ndani ya boksi jeupe la povu gumu, na mle mfukoni walikuwamo wawili niliowataka: kamba mchimbaji na samaki wa rangi ya mchanga, ambaye tangu siku hiyo tulimwita Mlinzi.

Mke wangu hakulipenda tangi hilo mwanzoni. Alisema kona ile ingetosha cherehani. Lakini niliona kwamba alipotoka kazini alianza kuvua viatu na kuketi mbele ya kioo, chai mkononi, mpaka chai ikapoa. Umeme ulipokatika kwa mara ya kwanza na mashine ya hewa ikanyamaza, ni yeye aliyefikiria tyubu ya gurudumu la trekta iliyojazwa upepo kwa fundi wa pancha, na mpira wa dripu ya hospitali wa kuutoa upepo huo kidogo kidogo ndani ya maji. Aliufunga mwenyewe na kurekebisha kile kigurudumu cha kubana mpira, akitazama mapovu kwa jicho lilelile alilowatazamia wagonjwa.

Basi ikafika Julai moja, na zamu ya mke wangu kukaribisha chama chake.

Chama hicho kilikuwa cha wanawake kumi na wawili wa Kimbo. Kila mwezi walikutana nyumbani kwa mmoja wao, na ingawa katiba yao haikuandika hivyo, ilikuwa desturi kwamba mwenye nyumba awe na kitu cha kuonyesha. Mmoja alionyesha jiko la gesi na kuliwasha mara tatu. Mwingine alimtoa ng'ombe wake wa gredi, wa maziwa mengi, uani, wote wakasimama kumzunguka wakiwa na vikombe vya chai. Yeye huyo mwenye ng'ombe ndiye aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote mke wangu alipowaambia, mwezi mmoja kabla, kwamba kwake wataona kipofu akijenga nyumba huku mlinzi wake amesimama mlangoni.

"Alisema nini?" niliuliza.

"Alisema watu wanafuga ng'ombe, na mimi nafuga dagaa." Alikuwa akiosha vyombo, amenipa mgongo. "Nikamwambia aje aone. Sasa wanakuja wote. Usiniangushe."

Katika miaka yetu yote ya ndoa hakuwa amewahi kujivunia tangi lile mbele ya mtu. Nilimwahidi kwamba kioo kitang'aa.

Hapana budi nieleze habari ya kitambaa, kwa kuwa kosa lote limo humo. Nyumba za kwetu hufunikwa vitambaa. Kochi lina chake, meza ina chake, redio ina chake, na mgeni huipima nyumba kwa vitambaa vyake kabla hajaonja chai. Kwa ajili ya siku ya chama mke wangu alifuma kitambaa cha tangi, cheupe chenye ukingo wa rangi ya chungwa, kazi ya jioni nyingi. Jumamosi moja alikimaliza, akakipiga pasi, akakiweka juu ya kiti na kwenda kazini.

Tangi lilikuwa na kifuniko changu mwenyewe: fremu ya mbao yenye wavu wa waya, iliyopigiliwa misumari isiyonyooka. Nilikitandika kitambaa juu yake. Kilisimama kama hema. Nilikivuta huku, nikakivuta kule. Misumari ilitokeza kila upande. Nikaiondoa fremu, nikakitandika kitambaa juu ya vioo vitupu, nikarudi nyuma hatua tatu na kuridhika. Kisha nikaenda chumbani kusahihisha mitihani.

Kitambaa hakikufika kona ya nyuma. Palibaki nafasi ya upana wa kiganja. Sijui ni kitu gani kilichomshtua Mlinzi, labda kivuli kile kipya juu ya kichwa chake, lakini samaki wa aina yake wakishtuka na shimo liko mbali huruka juu. Nilimkuta saa kumi na moja, nyuma ya mguu wa kochi. Alikuwa mkavu na mwepesi.

Mke wangu aliporudi aliona kitambaa kwanza, na uso wake ukafurahi. Halafu akainama kutazama shimo.

"Mlinzi yuko wapi?"

"Ameruka."

"Kifuniko kilikuwa wapi?"

"Nilikiondoa."

Hakuuliza kwa nini, kwa maana jibu lilikuwa limetandikwa mbele yetu, jeupe, limepigwa pasi. Alikiondoa kitambaa, akakikunja mara nne, akairudisha fremu yangu mahali pake. "Zimebaki Jumapili tatu," alisema, "na ile ya nne ndiyo yao."

Kwa hiyo nilikuwa na wiki tatu na siku moja za kutafuta samaki mmoja mwenye urefu wa kidole, ambaye hapa bara hakuwa akiuzwa popote. Wakati huohuo kamba alikuwa ndani ya shimo na hakutoka. Asiye na mlinzi hatoki. Tulimlisha kwa kumpulizia vipande vya nyama ya samaki mlangoni kwa mpira wa dripu, na tulichokiona cha uhai wake ni ncha ya kipapasio, iliyochungulia, ikapapasa maji matupu, ikarudi ndani. Mke wangu aliitazama mara mbili tatu, kisha akahamishia kiti chake upande wa pili wa sebule.

Habari huenea upesi Kimbo. Jirani yetu mwenye duka la dawa za mifugo alinisimamisha Jumatatu jioni.

"Mwarimu, nasikia umefiwa."

"Nimefiwa na samaki."

"Pole sana. Sasa, kwa nini usumbuke na Mombasa? Enda mto Chania, hapo chini ya maporomoko. Kuna tusamaki tudogo twingi, na ni bure."

"Hao ni wa maji matamu. Chumvi itawaua."

"Utatuzoesha! Leo kijiko, kesho kijiko. Ng'ombe ya gredi ilitoka Ulaya kwa theluji, na leo inakula majani ya nepia hapa kwangu ikiimba. Ni mazoea, Mwarimu." Akaingia dukani, akatoka na pakiti. "Na uwape hii. Chumvi ya ng'ombe. Iko na madini yote."

Niliipokea kwa shukrani na kuisoma nyumbani, kama nisomavyo kila kilichoandikwa. Miongoni mwa madini yote hayo ilikuwamo shaba, ambayo kwa ng'ombe ni afya na kwa kamba ni sumu. Niliiweka juu ya kabati, mbali na tangi, ikakaa huko mpaka tulipohama.

Siku iliyofuata, baada ya vipindi, nilikwenda Majengo. Mama wa nazi alinisikiliza mpaka mwisho, akafunika biashara yake kwa gunia, akajitanda kanga na kusema twende posta. Mdogo wake alipatikana kwa simu ya ofisi ya tajiri wake saa kumi hadi saa kumi na nusu. Tulisimama katika kibanda cha simu, yeye ameshika mkono wa simu, mimi nikitia sarafu.

"Anataka yule wa mchanga," alimwambia. "Wa mchanga! Mwenye macho ya chura. Hapana, si wa kula! Mara ngapi nimekwambia si wa kula?" Alinigeukia. "Anasema bahari imechafuka. Akinyoosha mkono haoni vidole."

"Mwambie ninaelewa, ila—"

"Anasema usubiri Septemba."

"Mwambie," nilisema, "kwamba ni kwa ajili ya heshima ya mke wangu."

Alinitazama kwa muda, mkono wa simu ukiwa umesimama hewani, nami nikatia sarafu nyingine. Kisha sauti yake ikabadilika.

"Sikiliza, wewe. Kuna mke wa mtu huku atachekwa na wanawake kumi na mmoja. Kumi na mmoja. Mumewe ndiye aliyeharibu, naye anakiri. Ingia majini." Akasikiliza. "Basi kama maji yanavuta, mtu akushikie miguu. Na ukimpata, umfunge vizuri, huku Julai ni baridi kama ndani ya friji. Umvalishe."

Juma lile halikuleta kitu. Juma la pili nilikwenda Majengo kila siku baada ya vipindi, na kila siku mama aliinua mikono mitupu kabla sijafika, ili nisijisumbue kuvuka barabara. Alhamisi ya juma la tatu hakuinua mikono. Alikuwa akicheka. Samaki alikuwa anapanda basi jioni hiyo.

Ijumaa asubuhi niliomba ruhusa ya siku nzima na kulipokea boksi Nairobi. Lilikuwa limefungwa kikoi kuukuu, kimezungushwa mara mbili na kufungwa kwa fundo mbele, kama mtu anayekwenda msikitini. Chini ya kikoi palikuwa na kijikaratasi: *Yule wa zamani sikumwona. Huyu nimemkuta mlangoni mwa shimo. Msalimie mkeo.*

Mke wangu alikuwa na zamu ya mchana, kwa hiyo tulilifungua boksi pamoja mezani. Mfuko ulikuwa baridi lakini si baridi sana. Samaki alikuwa hai. Hakuwa wa aina ya Mlinzi wetu. Huyu alikuwa na mistari minne ya rangi ya kahawia iliyokwenda mshazari, na madoa madogo ya manjano usoni, mfano wa mtu aliyekula mayai kwa haraka.

Nilifungua kitabu. Nilimpata katika ukurasa wake, nikasoma habari zake kwa Kilatini na kwa Kiingereza, kisha nikakifunga.

"Si yeye," nilisema. "Huyu huishi na kamba wa aina nyingine. Kitabu kinataja kamba mwekundu wa milia. Wetu ni wa kijivu. Hawatajuana."

"Kitabu kinasema hawatajuana?"

"Kinasema huonekana na yule mwingine."

"Nipe karai."

"Sidhani kwamba kuna maana—"

"Baba watoto," alisema, kwa sauti aliyoitumia kwa wagonjwa wanaoogopa sindano, "ni kitabu gani kilichosema muuguzi aolewe na mtu wa kukaa kidimbwini? Nipe karai."

Nilimpa. Samaki aliyesafiri hatupwi ndani ya maji mageni ghafla; maji hayo lazima yamfikie polepole, la sivyo mwili wake hushindwa. Mwaka ule wa kwanza nilikuwa nikitumia kikombe. Mke wangu hakuwa na imani na vikombe. Aliutundika mpira wa dripu kwenye tangi, akaushusha mpaka ndani ya karai alimokuwa samaki na maji yake, akakibana kigurudumu, akatazama saa yake ya kifuani.

"Matone ishirini kwa dakika," alisema. "Na wewe usimguse."

Aliketi kando ya karai muda wa saa mbili, amevaa sare nyeupe, akihesabu. Nilipotaka kuchungulia alininyooshea kidole. Saa sita akamtia tangini kwa kikombe, akanawa mikono na kwenda kazini.

Samaki alikwenda moja kwa moja kwenye kona ya mbali kabisa na shimo, akajibanza nyuma ya jiwe. Ijumaa yote alikaa huko. Jumamosi alikaa huko. Nilijipa kazi ya kung'arisha kioo, na kila nilipokaribia alizidi kujificha, mpaka mke wangu akaninyang'anya kitambaa cha kufutia. Jumapili asubuhi, tulipotoka kanisani, samaki alikuwa kulekule, na ncha ya kipapasio ilikuwa kulekule, ikipapasa maji matupu. Sentimita sitini za mchanga ziliwatenganisha.

Nilipopanga viti niliona jambo moja. Kile kitambaa cheupe chenye ukingo wa chungwa kilikuwa juu ya redio, kimekunjwa mara mbili ili kitoshe. Tangi lilikuwa limebaki na fremu yangu ya waya, misumari yake yote nje, ikitazamana na mlango atakaoingilia kila mgeni. Nikaendelea kupanga viti.

Walikuja saa nane. Waliomba, wakafanya mambo yao ya chama, ambayo hayakunihusu. Mimi nilisimama mlangoni, nusu ndani na nusu nje, nikitazama njia kana kwamba namngoja mtu. Kisha viti vikageuzwa kuelekea kioo.

Walitazama. Mwenye ng'ombe ndiye aliyesema kwanza.

"Mimi naona maji. Na mchanga. Hata kwa mto iko."

"Ngoja," mke wangu alisema, akimmiminia chai.

"Niko na ng'ombe ananingoja nikakamue."

"Kunywa chai kwanza. Iko moto."

Mkubwa wao, ambaye wote walimwita cucu, yaani bibi, alisogeza kiti chake mpaka pua yake ikakaribia kioo, akavaa miwani aliyoitoa ndani ya soksi. Wengine walianza kuzungumza habari za bei ya sukari. Mke wangu aliketi akiwa amenyooka, mikono mapajani. Mimi peke yangu nilijua kwamba anahesabu matone moyoni, kama alivyofanya kando ya karai.

"Nyamazeni," cucu alinong'ona. "Kuna kitu ya mistari imetoka."

Samaki alikuwa ameondoka nyuma ya jiwe. Alikwenda hatua fupi, akakaa. Hatua fupi, akakaa. Nadhani ule utulivu wa watu walioketi, bila mtu wa kuja na kitambaa cha kufutia kila dakika, ndio uliomtoa. Alifika mlangoni mwa shimo, akageuka, akasimama, kichwa nje na mkia ndani. Ncha ya kipapasio ikachungulia. Ikapapasa maji. Ikagusa mkia, ikarudi nyuma. Ikagusa tena, na safari hii ikabaki.

Kisha kamba wa kijivu, ambaye kwa mujibu wa kitabu changu hakupaswa kumjua samaki huyo, akatoka amejaza mchanga magandoni, akaumwaga nje na kurudi kuchukua mwingine. Wiki tatu za kazi zilikuwa zimelala ndani mle.

"Ngai!" mmoja alisema. "Anahama?"

"Anafagia," mke wangu alisema. "Haoni. Huyo wa mbele ndiye macho yake. Akitikisa mkia, wote wanaingia."

"Sasa, hiyo ya kubeba mchanga ndiyo mama?" aliuliza mwenye ng'ombe, ambaye sasa alikuwa amepiga magoti sakafuni.

"Si lazima."

"Ndiyo mama. Tangu tuanze kuangalia imebeba mara saba. Na hii ingine inafanya nini?"

"Inaangalia."

"Inaangalia nini?"

"Inaangalia nje."

"Inasimama tu kwa mlango, inaangalia nje, na mwenzake anabeba mchanga?"

"Ndiyo."

Halafu, bila kuambizana, wanawake wote kumi na mmoja waligeuza vichwa kunitazama mlangoni, nilipokuwa nimesimama tangu saa nane, mikono nyuma.

Sijapata kusikia kicheko kama kile katika nyumba yangu. Mwenye ng'ombe alilala chini kabisa. Mmoja alimwagikiwa na chai na hakujali. "Mwarimu!" walipiga kelele. "Mwarimu, umeona nini huko nje?" Cucu alivua miwani, akafuta machozi kwa soksi, akainua mkono.

"Msimcheke. Akitoka hapo, nani atatuambia mwizi amekuja?"

Wakacheka upya. Samaki akatikisa mkia, na wote wawili wakatoweka, jambo lililowafurahisha kuliko yote yaliyotangulia, na wakaapa kungoja mpaka watoke tena. Ng'ombe hakutajwa.

Mke wangu hakucheka. Alisimama, akachukua sinia ya vikombe vitupu, akaitazama njia ya kwenda jikoni, iliyokuwa imejaa magoti, vikapu na viti.

"Mlinzi," alisema, "chai imeisha."

Niliondoka mlangoni. Nilichukua chupa za chai, moja kila mkono, nikatangulia kumfungulia njia katikati ya wageni, nikiomba radhi kushoto na kulia. Sinia ilikuwa imejaa hata asione miguu yake. Tulipofika penye viti vilivyosongamana zaidi nilihisi kidole chake kimoja, kilichojinyoosha chini ya ukingo wa sinia, kikigusa mgongo wangu na kubaki hapo. Nilitembea polepole, nikijihadhari nisitikisike.